Kura Tuliyoipiga kwa Kunyamaza

Mkono wangu wa kulia ndio ulionistaafisha. Bodi ya matabibu iliniambia nishike kikombe cha maji, ikatazama maji yanavyotikisika, ikaandika. Nina miaka thelathini na tisa, umri ambao wengine ndio kwanza wanaizoea kazi. Yangu ilikuwa kuhamisha viinitete, yaani mwanzo wa mimba wenye siku tano tu, usioonekana sawasawa bila darubini, kutoka kisahani kimoja hadi kingine. Kazi hiyo haisamehe mkono unaotikisika, wala sikutaka inisamehe.

Nawaandikia nyinyi wawili, Maryam na Hilal, mlioirithi meza yangu katika maabara ya Nizwa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyosemwa kwenye meza ile tangu kabla yangu, wakati barua zote zikitoka kwa Kiarabu na vitabu vyote vikija kwa Kiingereza. Maryam, ambaye Kiswahili chako kilichoka njiani mahali fulani baina ya bibi yako na wewe, soma polepole. Hilal atakusaidia, ingawa naye si wa kutegemewa.

Sitaeleza nilipanda cheo lini. Nilipanda, nikaletewa kiti cha ofisini chenye magurudumu, nikakirudisha stoo na kubaki na changu cha miguu minne, kwa sababu chenye magurudumu huteleza pale hasa usipotaka kiteleze. Ninachotaka kueleza ni kura mbili za hapo kazini na mirija minne. Mtasikia habari hizi kwa watu wengine, na kila mmoja atakuwa na yake. Bora msikie na zangu.

Nilianza kulifikiri jambo hili nikiwa mwanafunzi Marekani. Mwaka ule raia wa jimbo nililosoma waliulizwa kwa kura ikiwa viinitete vilivyobaki kwenye zahanati za uzazi vitumike katika utafiti wa seli shina, seli changa ambazo wanasayansi wanatarajia siku moja kuzifanya zizibe mahali palipoharibika mwilini. Barabara zote zilijaa vibao vya ndiyo na hapana. Niliyepanga kwake alikuwa mama wa makamo mwenye mtoto wa kiume aliyevunjika shingo katika ajali ya gari, hana hisia toka kifuani kushuka chini. Mbele ya nyumba palisimama kibao cha ndiyo, kikubwa kuliko vyote mtaani.

Mimi nilikuwa na hamasa kuliko wenye nchi. Sikuwa na haki ya kupiga kura, lakini nilibeba karatasi za kampeni mlango kwa mlango na kuwaeleza Wamarekani, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, wajibu wao kwa wagonjwa. Nilimpigia simu baba yangu Nizwa nikamuuliza sisi kwetu tunasemaje.

"Kwetu?" akasema baba. "Kwetu hakuna aliyetuuliza, mwanangu. Soma, urudi."

Siku ya kura mama mwenye nyumba alirudi, akavua koti, akakaa jikoni bila kuwasha taa. Akaniambia, kwa kuwa mimi ni mgeni na nitaondoka, kwamba ameweka alama kwenye hapana. Alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya kumpata mwanawe, na kalamu ilipofika kwenye ndiyo mkono ulikataa. "Ndani ya kile kibanda cha kura hakuna aliyeniona," alisema. "Usimwambie mwanangu." Kibao kilibaki mbele ya nyumba mpaka theluji ikakifunika. Wakati ule nilimhukumu moyoni. Niliona ni woga.

Nikarudi na shahada yangu, na siku ya kwanza kazini nikakabidhiwa kwa Bi Thuraiya.

Bi Thuraiya alikuwa mzaliwa wa Unguja, akaletwa Oman msichana mdogo, akakaa Izki, na kwa miaka yote ile alikuwa akiendesha gari lake mwenyewe kuja Nizwa, polepole kiasi kwamba malori yalimpigia honi. Hakuwa na shahada kama yangu. Alijifunza kazi kwa wataalamu waliopita mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka alimwachia kitu: huyu kalamu inayoandika kwenye baridi, yule kijiti cha mbao cha kupimia naitrojeni, kimiminika cha baridi kali, ndani ya matangi ya kuhifadhia viinitete. Kijiti hicho mnacho. Unakizamisha, unakitoa, unakipunga hewani, na ukungu mweupe unaoganda juu yake unakuonyesha kimo. Tuna kipimo cha umeme kinachofanya kazi hiyo hiyo. Kiliwahi kutudanganya. Kijiti hakijawahi.

"Shikamoo, Bi Thuraiya," nilimwambia asubuhi ile.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Mimi si daktari, bibi. Ni mtaalamu wa viinitete."

"Alhamdulillahi. Madaktari tunao wengi, wanapotea ovyo kwenye korido. Hebu nambie, umekuja kufanya nini hapa?"

Nikamwambia nimekuja kuwasaidia watu na kuendeleza elimu ya binadamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Vizuri. Leo anza na kujaza matangi."

Sheria yake ilikuwa moja, nami nimewafunza nyinyi: hakuna kitu kinachohamishwa kabla jina halijasomwa kwa sauti, na mtu wa pili akalisoma tena kwa sauti. Si kwa macho. Nchi yetu inajua jina la baba, la babu, na la baba wa babu, na bado zahanati moja inaweza kupokea kwa wiki moja wanawake watatu wenye majina yanayofanana mpaka la tatu. Kwa hiyo tunasoma mpaka la nne, kisha kabila, kisha namba. "Mkono haujui jina la mtu," alisema Bi Thuraiya. "Jicho likichoka husoma linachokitarajia. Mdomo ndio shahidi." Siku moja nilihamisha kisahani huku nikisoma kimoyomoyo. Kilikuwa kisahani sahihi. Alinirudisha nyumbani siku hiyo hiyo, na kesho yake hakulitaja tena.

Miaka ikaenda na matangi yakajaa. Watu huja wakiomba mtoto mmoja kwa machozi, wakampata, na vile viinitete vilivyobaki hugandishwa ndani ya mirija myembamba, wakavisahau. Au hawavisahau, ila hawapokei simu. Kanuni ya zahanati ilikuwa na njia mbili tu. Ndoa ikiwapo na wenyewe wakitaka, tunavihifadhi. Ndoa ikivunjika, au mume akifa, au wenyewe wakiacha, tunavitoa kwenye baridi na kuviacha viishe. Kuviacha viishe ilikuwa kazi yangu. Mnavitoa, mnavisoma majina, mnaviweka mezani, mnasubiri. Hakuna kinachotokea, na hilo ndilo linalochosha. Kila mara nilikumbuka yule kijana aliyevunjika shingo.

Kwa hiyo watafiti kutoka mji mkuu walipoomba njia ya tatu, kwamba mume na mke wakiridhia viinitete vilivyobaki vipelekwe kwenye utafiti wa seli shina, mimi ndiye niliyeandika hoja, kurasa ishirini na mbili. Nilizibeba mbele ya kamati ya maadili, ambayo ilikuwa na watu saba: mwenyekiti, ambaye alikuwa tabibu mkuu, shekhe mmoja mpole, mwanasheria, matabibu wawili, muuguzi mkuu na mimi. Nilizungumza kwa saa nzima. Shekhe aliuliza swali moja, kuhusu siku ya ngapi. Nikamjibu ya tano, mbali kabisa na wakati wa kupuliziwa roho. Akainamisha kichwa, nami nikachukua kuwa ameridhika.

Mwenyekiti alikuwa na mtindo wake wa kupigisha kura. Alifunga jalada, akatutazama juu ya miwani. "Kuna mwenye kupinga?"

Kimya. Mtu mmoja akasogeza kikombe cha kahawa.

"Haya, tumetawakali. Imepita."

Nilitoka pale nikijiona mrefu. Kule Marekani jimbo zima lilikuwa limegombana mwaka mzima juu ya jambo hilo, na sisi tumelimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Nikamwambia Bi Thuraiya kuwa kamati imekubali kwa kauli moja.

"Kauli ya nani?" aliuliza.

Nilidhani ananitania. Yeye alistaafu mwezi uliofuata, akarudi kwenye mitende yake Izki, akaniachia kijiti.

Sasa nifike kwa Bi Asila.

Bi Asila na mumewe, bwana Khalfan, walikuwa watu wa Sur, ng'ambo ya daraja, Aija. Walikuja kutibiwa Nizwa, mwendo wa saa tatu na zaidi, kwa sababu moja tu: Sur kila mtu angejua. Walikuwa watu wa Pemba kwa asili, na tulizoeana kwa lugha. Walipata mtoto wa kiume. Kuzaa kwenyewe kulikuwa kubaya. Bi Asila alitokwa na damu nyingi, na bwana Khalfan alikaa siku mbili kwenye korido bila kubadilisha kanzu. Baada ya hapo ilibaki mirija minne yenye jina lao ndani ya tangi letu.

Walikuja kufanya upya idhini ya kuhifadhi. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, akipanda na kushuka kiti. Niliwaeleza njia zote tatu. Nilieleza vizuri, kueleza nilikuwa najua. Bwana Khalfan alinisikiliza, akasema bila kusita, "Basi vipelekwe kwenye elimu, dada. Vifae watu. Sisi Mungu katupa mmoja, yatosha."

Nikamgeukia mkewe. "Na wewe, Bi Asila?"

Hakujibu. Aliangalia mkoba wake uliokuwa mapajani, akaufungua, akaufunga.

Bwana Khalfan akacheka. "Huyo kesharidhia. Hata siku ya ndoa alinyamaza hivyo hivyo, na shekhe akaandika!"

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akacheka. Nami nikacheka. Mnajua mila yetu: mwari akiulizwa kama amemridhia mume akanyamaza, kunyamaza kwake ndiko kuridhia, kwa kuwa haya humzuia kusema ndiyo. Ni mila nzuri, iliwekwa kumstahi. Lakini iliwekwa kwa swali moja, siku moja, nami bila kufikiri nikaihamisha mpaka kwenye swali jingine. Nilikuwa na wengine watatu wakisubiri nje. Nikausogeza ukurasa, nikaweka kidole pale pa kutia saini. Bi Asila akatia saini, mwandiko safi, jina la tatu likiwa limeandikwa kikamilifu.

Mimi ambaye nisingehamisha kisahani bila kusikia jina lake kwa midomo miwili, nilihamisha mirija ya mtu kwa kuwa hakusema kitu.

Gari la watafiti lilikuja Jumapili asubuhi na tangi dogo la safari. Mimi na muuguzi tulisoma. Mrija wa kwanza, majina manne, kabila, namba, muuguzi akarudia, ukahama. Wa pili. Wa tatu. Mrija wa nne maandishi yake yalikuwa yamefutika nusu, jina la babu halisomeki. Kila mtu alijua ni wao. Ulikuwa kwenye kikombe kile kile cha ndani ya tangi, mahali pale pale. Dereva akasema, "Ukhti, si ndio huo huo?" Nikasema ndio huo huo, lakini hautahama mpaka jalada lake la kwanza litoke kwenye kumbukumbu na usomwe wote. Nikaurudisha. Haikuwa busara. Ilikuwa woga wangu wa zamani wa kurudishwa nyumbani.

Jumatano Bi Asila alikuja peke yake kwa teksi. Alikuwa ametoka Aija baada ya sala ya alfajiri. Alikaa kwenye kiti kile kile, na safari hii hakuushika mkoba.

"Dada Rahma, nimekuja kukwambia sitaki."

Nilijua kabla hajamaliza. Nikamuuliza hutaki nini, ili nipate muda.

"Sitaki vipelekwe. Nataka mtoto mwengine. Khalfan anaogopa nitakufa, hata neno hilo halisikii. Nami siwezi kumwambia mbele za watu kwamba mimi siogopi, itakuwa namvunjia heshima. Nikasema nitamzoesha pole pole nyumbani. Wewe uliponiuliza nilikuwa natafuta namna ya kusema." Akanitazama. "Ungesubiri kidogo tu. Nilikuwa naja."

Nikampigia simu mtafiti mbele yake. Mitatu ilikuwa imekwisha kuyeyushwa siku ile ile ya Jumapili. Nikamwambia. Sikutafuta maneno laini, kwa sababu laini zote nilizokuwa nazo zilikuwa za kunisitiri mimi.

Hakulia. Aliuliza, "Na wa nne?"

"Upo."

"Kwa nini upo?"

"Kwa sababu jina lake halikusomeka."

Kisha akasema kitu ambacho sijakipatia pa kukiweka mpaka leo: "Laiti majina yote yangefutika."

Tukamwita bwana Khalfan. Alifika jioni, macho mekundu ya njiani, akiwa tayari kugomba. Nikamwomba akae. Nikamwomba mkewe aseme yeye, nami nikatoka nje ya chumba. Nilisikia sauti yake moja kwa moja, bila kupanda, kama mtu anayesoma barua. Niliporudi, bwana Khalfan alikuwa ameinamisha kichwa.

"Niliogopa mimi," aliniambia, "nikajibu kwa niaba yake."

Nikawauliza mmoja mmoja. Bi Asila akasema nataka. Mumewe akasema naridhia, kama tabibu wake ataona yu salama. Tabibu alichukua wiki sita kuona hivyo. Siku ya kupandikiza, mimi na wewe, Hilal, tuliusoma mrija wa nne kwenye jalada, majina yote, na mkono wangu ukaanza kutikisika nikiwa nimeshika pipeti, kile kijibomba chembamba cha kufyonzea. Nilikuwa nimeuficha mtikisiko ule miezi kadhaa. Siku hiyo sikuuficha. Nilikupa pipeti, ukamaliza kazi vizuri, na hukuniuliza kitu. Nakushukuru kwa hilo.

Haikushika. Siku ya kumi na mbili kipimo cha damu kilionyesha hakuna kitu. Nilimpigia mwenyewe, sikumwachia muuguzi.

"Nilijua tangu juzi," alisema Bi Asila. "Nisalimie huyo kijana mwenye mkono mwepesi." Kisha, baada ya kimya nilichokiacha kiende kitakako, "Hii nimeipoteza mimi. Zile tatu mlinipotezea nyinyi. Si mamoja, dada."

Nikarudi kwenye kamati na karatasi moja. Niliomba fomu yangu ibadilishwe: mke aulizwe peke yake, kwa lugha yake, na ajibu kwa mdomo, asiyejibu ahesabiwe hajaridhia. Nilieleza kilichotokea, na kwamba aliyekosea ni mimi. Mwenyekiti akafunga jalada.

"Kuna mwenye kupinga?"

"Samahani, daktari," nikasema. "Naomba kila mmoja aseme kwa mdomo wake. Na naomba tuanze na kura ile ya kwanza, kwa sababu sisi wenyewe hatukuisema."

Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akielekea shimoni. "Una hakika, Rahma?"

Nikasema ninayo.

Muuguzi mkuu ndiye aliyeanza. "Mimi ni hapana toka siku ile. Nani angenisikiliza, na wewe umekuja na kurasa ishirini?" Mwanasheria akasema hapana, mpaka iwepo sheria ya nchi inayotaja jambo hili waziwazi. Tabibu mmoja hapana, wa pili hapana kwa sauti ndogo. Shekhe alifikiri sana. "Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na yakini," alisema. "Sina yakini mpaka leo. Na asiye na yakini, akilazimishwa kusema, hawezi kusema ndiyo." Mwenyekiti akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo. Mbili kwa tano, na njia ya tatu ikafungwa pale pale. Fomu yangu mpya haikuwa na kazi tena.

"Umeridhika?" mwenyekiti aliniuliza tulipokuwa tunatoka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, kama mimi.

Nilikwenda Izki kumwambia Bi Thuraiya. Alikuwa anachambua tende, zilizooza kando, za mifugo kando. Nikamweleza yote, pamoja na yule mama wa Marekani ambaye sikuwahi kumtaja kwa mtu. Nikamwambia sijui tena kilicho bora, kibanda ambamo hakuna anayekuona au meza ambayo kila mtu anakusikia.

"Wewe bado unaiamini hiyo elimu yako?" aliuliza.

"Naiamini."

"Basi uliivunja kwa mkono wako mwenyewe." Akanisogezea sahani. "Kula. Angalau sasa mnajua mlisimama wapi."

Viinitete vilivyobaki sasa vinaachwa viishe, kama zamani. Ni nyinyi mtakaoviweka mezani na kusubiri, na najua uzito wake. Katika kila kimoja ninaona kijana asiyehisi miguu yake, na ninamwona Bi Asila akifungua na kufunga mkoba. Sijaweza kumtoa mmoja ili mwingine apate nafasi.

Nasikia watafiti wataomba tena. Wakija, swali litafika mpaka kwenye meza yenu, na mmoja wenu atakaa kwenye kiti changu, kile cha miguu minne. Mimi ningepiga kura ya ndiyo tena, kwa sauti. Na baada ya kura kupita, mlango ungefunguliwa, mume na mke wangeingia na kukaa, nami ningemuuliza mke, nikaiweka kalamu chini, mbali na mkono wake, nikamsubiri amalize kunyamaza.